Chupa ya sampuli ya maji usiisuuze
Kwa wanaosimamia kisima kirefu kinachotiwa klorini: chupa ya maabara ya kupimia bakteria usiisuuze, hata ukiona ungaunga au matone chini. Hiyo ni thiosalfeti ya sodiamu, inazima klorini palepale. Ukiimwaga, klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakuja mazuri kuliko maji yenyewe. Fungulia bomba dakika mbili tatu, jaza hadi kwenye alama bila kufurisha, funga, weka kwenye boksi lenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Chupa ya floraidi ni habari nyingine, fuata maelekezo ya maabara. Na sampuli ikishinda juani nyuma ya bodaboda, thiosalfeti haikusaidii kitu, chukua nyingine.