Kipaka wako ni mbegu gani? Mkague hivi mwenyewe nyumbani

Tangu nimchukue kipaka wangu Majivu kule Uyole, Mbeya, kwa mama mmoja anayeokota vipaka vilivyotupwa na kuvilea nyuma ya nyumba yake, kila anayeingia kwangu ananiuliza swali moja tu, huyu ni mbegu gani. Jirani yangu alimshika mkiani akasema dada huyu wa Uajemi kabisa, we ona manyoya haya. Kijana wa bajaji akasema hapana, hawa wa kijivu ni wa Urusi, amewaona kwenye simu. Na mimi nikaanza kutafuta, nikakaa na Majivu miezi sita nikimwangalia kila siku, alafu nikawakagua na wa majirani wanne, kwa hiyo naandika nilichojifunza, maana najua wengi mmechukua vipaka na mnajiuliza hivohivo.

Kitu cha kwanza uweke kichwani kabla hata hujamgeuza. Mbegu ya paka ni ukoo uliotunzwa, yaani watu walichagua dume na jike wa aina moja, wakaandika wazazi na mababu, wakaendelea hivo vizazi na vizazi. Na ni mambo ya juzi tu, maonyesho makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871, na mbegu nyingi zinazotajwa leo zimetengenezwa baada ya hapo. Paka wa kwetu wanaolinda mahindi stoo hawajawahi kuchaguliwa na mtu, wamezaliana wenyewe. Kwa hiyo kama kipaka kimeokotwa sokoni Mwanjelwa au kimeletwa kwenye boksi bila mama yake, jibu karibu siku zote ni paka wa kienyeji, na sio chotara wa hiki na kile, ni kienyeji kamili. Hakuna mbegu iliyopotea ndani yake, rangi nyingi na manyoya marefu zilikuwepo kwa paka wa kawaida kabla watu hawajaanza kuzichagua.

Sasa kumkagua. Anza na umri, maana ukikosea umri utakosea vyote. Subiri ukungu uishe asubuhi, kaa naye mlangoni kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa, alafu inua mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba. Meno madogo ya mbele yanatoka wiki ya pili mpaka ya nne, machonge yanafuata wiki ya tatu na ya nne, magego ya utoto mpaka wiki ya sita hivi. Ukiona meno ya mbele mapana na meupe zaidi yanachipua kwenye mapengo basi amefika miezi mitatu na nusu, minne, anabadilisha, na akifika miezi sita, saba anakuwa nayo yote ya ukubwani. Kama hataki kufunguliwa mdomo mpime uzito, muweke kwenye beseni juu ya mizani ya dukani utoe uzito wa beseni, kipaka kinachokula vizuri kinaongeza karibu nusu kilo kwa mwezi, wa wiki nane anakuwa kama gramu 900. Wenye njaa na minyoo wanakuwa chini ya hapo, kwa hiyo meno ndio yaamini zaidi.

Macho ya bluu yasikudanganye. Vipaka vyote vinafungua macho yakiwa bluu, rangi yenyewe inaanza kuja kwenye wiki ya sita, ya saba, na inaendelea kukolea mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Mtu akikuuzia kipaka cha mwezi mmoja akasema ni wa Siam, ile mbegu ya Thailand, kwa sababu ya macho, hajui au anakudanganya. Wa Siam mwenyewe unamjua kwa mwili uliopauka alafu uso, masikio, miguu na mkia vimekolea, na sababu yake inapendeza sana. Rangi yake inafanya kazi palipo na ubaridi tu, tumboni kwa mama kuna joto kwa hiyo anazaliwa mweupe, alafu zile sehemu za pembeni zinazopoa haraka zinaanza kuwa nyeusi. Paka wa namna hiyo ukimtoa Kyela kwenye joto ukampeleka Makete mwezi wa sita anaweza kukolea mbele ya macho yako. Ila hata hiyo rangi inasafiri kwenye damu ya paka wa kawaida, kuwa nayo sio kwamba baba yake alitoka Thailand.

Tuje kwenye manyoya, hapa ndipo Majivu alinifundisha. Alipofika alikuwa rangi ya jivu la kuni, kijivu kimechanganyika na weupe, amesimama manyoya kama kifaranga. Siku moja nikamtenganisha manyoya ya mgongoni kwa kitana kidogo, nikaona kule chini kwenye ngozi ni meusi ti, juu tu kwenye ncha ndio kijivu. Nikamuuliza daktari wa mifugo akanieleza, mama yake akiwa mgonjwa au amehangaika sana wakati wa mimba, rangi haiingii vizuri kwenye manyoya ya kwanza, kipaka anazaliwa na jivu ambalo linaondoka lenyewe anavyokua. Na kweli, mwezi wa nne weusi ukaanza usoni, ukashuka mabegani, mwezi wa sita amebaki na kijivu kidogo nyuma ya mapaja. Kwa hiyo huyo wa Urusi na wa Uajemi wote walikuwa hali ya mama yake, maskini, aliyebeba mimba akitafuta chakula jalalani. Ndio maana nasema usitoe jibu la rangi kabla ya miezi sita. Mpige picha kila jumamosi, palepale mlangoni, upande uleule, utaona mwenyewe.

Manyoya marefu nayo sio Uajemi. Urefu unajificha, baba na mama wote wenye manyoya mafupi wanaweza kuubeba bila kuonekana wakazaa mmoja mwenye mkia kama brashi. Wa Uajemi muangalie uso, pua fupi imebonyea katikati ya macho, kichwa mviringo, masikio madogo yameachana. Kama pua yake ni ndefu ya kawaida, achana na Uajemi. Hivohivo Maine Coon, mbegu ya Marekani ya paka wakubwa wenye manyoya marefu, watu wanamuita kila paka mkubwa mwenye nywele masikioni, lakini yule ana taya pana la mraba na anaendelea kukua mpaka miaka mitatu na zaidi, kwa kipaka huwezi kusema.

Mistari je? Karibu kila paka mwenye mistari ana alama ya M kwenye paji la uso, sio ya mbegu yoyote. Kuna michoro minne, mistari myembamba ya kushuka kama miba ya samaki, mabaka makubwa yanayozunguka ubavuni, madoa, na ule wa manyoya yaliyochanganya rangi kila unywele bila mstari mwilini. Hiyo ndio iandike, inakutambulishia paka wako siku akipotea. Mbegu inayotoka jirani kabisa ni Sokoke, ya msitu wa Arabuko Sokoke kule Kilifi, Kenya, ilianza kufugwa kama mbegu mwaka 1978, ina mabaka ya kuzunguka na miguu ya nyuma mirefu. Hata hiyo, kuwa na mabaka tu hakumfanyi wako kuwa Sokoke.

Rangi inakupa kitu kingine cha maana zaidi, jinsia. Mwenye nyeusi na chungwa pamoja, awe na nyeupe au asiwe nayo, karibu siku zote ni jike, wa chungwa tupu wengi ni madume. Ukiwa huna uhakika inua mkia, jike matundu mawili yamekaribiana na la chini ni kama mstari mdogo, dume yameachana na katikati kuna nafasi ya korodani. Uhakikishe mapema maana jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu. Na mweupe wote mwenye macho ya bluu mpigie makofi kwa nyuma asikuone, wengi wao ni viziwi, na kiziwi usimuachie barabarani.

Ndugu zangu wa Iringa mnaokaa upande wa Idodi na Tungamalenga, karibu na Ruaha, nyie mna la ziada. Kipaka kilichookotwa porini kikiwa na miguu mirefu sana, nyuma ya masikio rangi ya kutu, mkia mwembamba wenye pete nyeusi na ncha nyeusi, huyo anaweza kuwa paka pori, na mwenye masikio makubwa kupita kiasi, madoa na mkia mfupi ni mondo. Hao ni wanyamapori, kuwafuga bila kibali ni kosa, na mara nyingi mama yao alikuwa ameenda kuwinda tu. Usimbebe, toa taarifa kwa ofisa wanyamapori.

Kipimo cha DNA kipo, unasugua pamba ndani ya shavu unatuma nje ya nchi. Ila kinacholinganisha ni paka wako na mbegu walizonazo wao, wa kienyeji kitamtaja anafanana kidogo na huyu kidogo na yule, na sio ukoo wake. Hiyo hela mpeleke akatolewe minyoo, achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, na baadaye afungwe uzazi.

Ukifika kwa daktari kwenye kadi kuna sehemu ya aina, usiache wazi na usiandike Uajemi. Ya Majivu nimeandika hivi: paka wa kienyeji, dume, mweusi, manyoya ya wastani na mkia mnene, mistari iliyofifia inaonekana juani, macho ya kijani ya njano, kidoa cheupe kooni kama punje ya mchele.