Somo: Kusoma hisia katika mchoro wa mandhari

Leo tunatazama mchoro mmoja tu: "Mtawa Kando ya Bahari" wa Mjerumani Caspar David Friedrich, aliouchora kati ya 1808 na 1810. Uko katika jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie, Berlin. Utafute kwenye simu, ujaze kioo.

Hatua ya 1. Usikimbilie maana. Taja kwanza vilivyomo: mchanga, bahari nyeusi, shakwe wachache, anga, na mtu mmoja mdogo aliyetupa mgongo. Basi.

Hatua ya 2. Tazama upeo wa macho. Umeshushwa chini mno. Anga imemeza zaidi ya robo tatu ya turubai. Ziba sehemu kubwa ya anga kwa kiganja: mtawa anakua, unaona mtu anayepunga upepo ufukweni. Ondoa kiganja, anakuwa mdogo tena.

Hatua ya 3. Jiulize nini hakipo. Hatua hii naipenda kuliko zote. Sisi tuliokulia pwani, tukiona bahari jicho hutafuta tanga. Friedrich naye alizaliwa Greifswald, karibu na bahari ya Baltiki. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kwamba mwanzoni aliweka vyombo vya matanga, kisha akaviondoa. Chombo kingetupa umbali, safari, tumaini la mtu kurudi. Bila chombo, jicho halina pa kutua, na upweke wa mtawa unakuwa wetu.

Hatua ya 4. Rangi: giza limekaa chini, mwanga uko juu, mbali naye.

Hatua ya 5. Andika sentensi moja kuhusu hisia uliyoiona, yenye "kwa sababu", na sababu iwe kitu kinachoonekana pichani.

Maswali

Mwalimu, mimi naona utulivu, si huzuni. Nimekosea?
Hujakosea, mradi unionyeshe umeuona wapi. Hakuna dhoruba, wala mtawa hakimbii. Ila ukisema anatabasamu, nitakuuliza uso wake umeuonaje.

Nimesoma kwamba ndugu yake alikufa maji. Tulitumie hilo?
Ni kweli, mwaka 1787, Friedrich akiwa na miaka 13. Lakini liweke mwisho. Ukianza na msiba, utauona hata mahali usipochorwa.

Nifanyie mazoezi mchoro gani?
"Abasia Katika Msitu wa Mialoni", pia wa Friedrich (abasia ni makao ya watawa). Ulionyeshwa pamoja na huu Berlin mwaka 1810, na mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, akainunua yote miwili. Anza na upeo wa macho, kisha utafute watu. Utashangaa walivyo wadogo.