Umetumiwa picha ya mnyama mweupe ameuawa? Soma hii kabla hujaifowadi

Juzi kwa grupu yetu ya mtaa hapa Masindi iliingia picha, mnyama mweupe pee amelala chini, jamaa mmoja amechuchumaa nyuma yake na bunduki anacheka, na chini imeandikwa tu "Uganda hii jamani". Basi moto ukawaka. Wengine walaaniwe, wengine wafungwe, mwingine akaanza kutaja kabila fulani kwamba ndo kazi yao, na mpaka usiku wa manane hakuna hata mtu mmoja ameuliza hiyo picha imetoka wapi. Mimi naumia sana na mambo ya wanyama, na hasira ile naielewa kabisa, lakini ile hasira ilipotea bure. Kwa hiyo nimeamua kuandika vile mimi hufanya.

Kitu cha kwanza, iangalie picha yenyewe. Ikuze. Angalia pembe, miti, nguo za watu. Yule wa picha yetu alikuwa na pembe pana kama koleo, sasa nani amewahi kuona mnyama wa pembe kama koleo ndani ya msitu wetu wa Budongo? Watu walidanganyika kwa sababu nyuma kulikuwa na misonobari na misonobari hata huku imepandwa. Halafu ipeleke kwa Google, kuna ile sehemu ya kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno, hata smartphone ya bei ndogo inaweza. Mimi ilinichukua dakika tatu hivi. Picha ni ya Kanada, jimbo la Nova Scotia, mwaka 2013, na mnyama ni kulungu wa nchi za baridi, wanamwita moose, mkubwa kupita ng'ombe.

Na hiyo habari ukiisoma mpaka mwisho inafundisha. Wale wawindaji walikuwa na leseni, sheria hawakuvunja. Ila wenyeji wa pale, watu wa Mi'kmaq, kwao mnyama mweupe hauawi, ni wa heshima, na walipoona picha mtandaoni walilia na kukasirika. Wakasema wazi mila yao ni ipi na kosa liko wapi, na wale wawindaji wakaomba msamaha, wakawarudishia ngozi ili wazee waifanyie ibada ya siku kadhaa. Walipata kitu mkononi kwa sababu walijua wanachotaka. Sisi kwa grupu tulikuwa tunataka nini? Hata sijui.

Cha pili uliza nani ameua, na usijibu kabla hujajua. Hapa hapa kwetu, Julai 2018, watafiti wa Budongo waliona mtoto wa sokwe mwenye ualbino, mdogo sana, hajamaliza hata wiki tatu. Sokwe wenzake walipomwona walipiga kelele zile wanazopiga wakikutana na kitu cha hatari, na siku chache baadaye dume mkubwa na wengine wakamuua. Halafu wakakaa na ule mwili muda mrefu wakizishika zile nywele nyeupe, wakinusa. Sasa fikiria mtu angepiga picha ya kile kimwili na kuandika "majangili wa Masindi". Tungemchoma nani moto? Kijana gani wa mashamba ya miwa angepigwa bila kosa?

Kama ni kweli ni Uganda na ni mtu ameua, usiishie kwa kuandika, ripoti. Peleka kwa UWA, ile mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, au kwa renja unayemjua, au kama uko mbali anza na mwenyekiti wako wa kijiji, yule wa LC1, na polisi. Waambie lini, wapi, umeipata kwa nani, na ile meseji ya kwanza usiifute. Ujue pia kuna sehemu uwindaji wa leseni unaruhusiwa chini ya UWA, kama pale karibu na Ziwa Mburo, kwa hiyo mtu mwenye bunduki kwa picha si lazima awe jangili. Lakini kwa asiye na ruhusa sheria ya wanyamapori ya 2019 ina meno, kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Mnakumbuka Rafiki, yule gorila wa Bwindi aliyechomwa mkuki 2020. Nchi nzima ililia, na mwezi uliofuata mtu akapewa miaka 11. Renja walifuata ushahidi mpaka kwa nyumba ya mtu, matusi yetu hayakuchangia kitu pale.

Sasa hii ya mahali nawaomba sana. Ukibahatika kumwona mnyama mweupe mzima, awe swala, nyani, yeyote, usitaje mahali, na zima lokesheni ya simu kabla ya kupiga picha. Majirani zetu Kenya, kule Garissa, walikuwa na twiga weupe, video yao ilizunguka dunia nzima mwaka 2017, na Machi 2020 ikatangazwa jike na mtoto wake wameuawa. Sisemi video ndo iliwaua. Nasema mnyama mweupe hana pa kujificha, kwa hiyo asiongezewe hatari tena na sisi. Dume aliyebaki walimfunga kifaa cha GPS ili walinzi wajue yuko wapi, na hayo ndo macho yanayotakiwa kujua.

Halafu angalia unachoandika chini ya picha. Kwa grupu yetu kuna aliyeandika kwamba mnyama kama huyo "ana bei kwa mganga", na mwingine akacheka akaongeza mambo ya watu wenye ualbino ambayo siwezi kuyarudia hapa. Kuna mama mmoja mle ndani mwanawe ana ualbino, anasoma darasa la tatu. Alitoka kwa grupu usiku ule ule bila kusema neno. Mimi nilichelewa kujibu na bado inaniuma. Ukiona maneno hayo jibu hapo hapo, mwambie admini ayafute, na usiogope kuonekana unaharibu stori. Weupe ule ni wa kuzaliwa, mwili haukutengeneza rangi, basi. Hakuna dawa mle, kwa mnyama wala kwa mtu.

Na mwisho kwa wale mnaolima karibu na msitu, kwa sababu huyu mweupe tunamlilia mara moja kwa miaka mingi, lakini waya zinategwa kila siku. Wanatega paa na nguruwe pori, anayenasa ni sokwe, na Budongo sokwe wengi wanatembea na mikono iliyokatika vidole. Hakuna anayefowadi hao. Ukiukuta waya usiukanyage, kumbuka mti ulio karibu, piga picha moja, halafu mtafute renja siku hiyo hiyo umpeleke mwenyewe, kwa sababu ukimwelekeza kwa simu hataupata.