Kubandika upya fomeka iliyoinuka kando ya sinki

Fomeka, ile karatasi ngumu inayofunika meza ya jikoni, ikibanduka karibu na sinki, usikimbilie gundi. Kilichoibandua ni maji yaliyopenya kwenye silikoni iliyochakaa (ule mpira wa kuziba ukingo wa sinki) yakanywewa na chipibodi, ubao wa chembe za mbao ulio chini ya fomeka, na mara nyingi bado yamo.

1. Dunga chipibodi kwa ncha ya bisibisi. Ikimung'unyika, au imefura kama andazi, hairudi hata ikikauka. Hapo ni kukata kipande na kuweka kipya. Ikiwa ngumu, endelea.

2. Inua ukingo kidogo, chomeka vijiti vya meno kila sentimita 5, kisha elekeza feni hapo siku mbili. Mvua za Mei zikiwa zimeshika Mombasa, fanya siku nne. Usiinue sana: fomeka ni nyembamba, haifiki hata milimita 2, na huvunjika kama kaukau.

3. Jaribu pasi kwanza. Toa vijiti, funika kwa kitambaa kikavu, pasi iwe ya moto wa kati bila mvuke, uipitishe sekunde 10 hadi 15 bila kuisimamisha. Gundi ya zamani ikilainika, weka kitu kizito mpaka papoe kabisa. Moto ukizidi, fomeka hutoa malengelenge, na hayo hayana dawa.

4. Isiposhika, kwangua gundi ya zamani, piga msasa namba 80, futa vumbi. Zima jiko na utoe mtungi wa gesi nje, fungua madirisha: mvuke wa gundi ya kontakti hushika moto upesi. Paka gundi hiyo pande zote mbili, chini ya fomeka na juu ya chipibodi. Chipibodi hunywa gundi, kwa hiyo ipake mara mbili. Rudisha vijiti, ngoja dakika 15 hadi 20, mpaka ukigusa isikunate kidoleni.

Kosa la pwani liko hapa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, gundi hupauka ikawa kama ina ukungu, na haishiki. Fanya kazi hii adhuhuri siku ya jua, si alfajiri.

5. Chomoa vijiti kuanzia ndani kuja ukingoni. Zikigusana zimegusana, hakuna kusogeza. Kandamiza kwa nguvu na kifimbo cha kusukumia chapati.

6. Toa silikoni yote kuukuu, futa kwa spiriti, piga mstari mpya. Sinki lisitumike saa 24.

Doa la sufuria ya moto ni shauri jingine: ukilipiga msasa unaondoa maua ya fomeka yenyewe.