Safari Ndefu ya Farasi Wakati wa Joto Kandokando ya Ziwa Victoria

Joto la mchana la Mwanza kwa kawaida huwa karibu nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, kiwango ambacho mtu aliyezoea jua la Shinyanga anaweza kukidharau. Asikidharau. Farasi hupoza mwili hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi, na hewa yenye unyevu ya ukanda wa ziwa huchelewesha ukaukaji huo, hivyo mnyama huendelea kutoa jasho bila kupata nafuu. Akifanya kazi ngumu katika hali hiyo anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa. Kwa sababu hiyo, anayejiandaa kwa safari ya siku nzima, tuseme kutoka Kisesa kuelekea Magu, aipange kwa kuangalia maji na kivuli vinapatikana wapi, ndipo ahesabu kilomita.

Farasi ni wachache Kanda ya Ziwa, na huenda mnyama utakayempanda ameletwa kutoka nyanda zenye baridi za kaskazini. Mpe wiki 2 hadi 3 za kuzoea joto, ukianza na matembezi mafupi na kuyaongeza polepole. Kabla hata ya kumsafirisha, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya tauni ya farasi, ugonjwa unaoenezwa na visubi wanaouma tangu machweo hadi mapambazuko, na kuhusu kinga dhidi ya kupe na mbung'o.

Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake, jambo linalomfanya aweze kupungukiwa maji bila kuona kiu. Ndiyo maana chumvi ya kawaida, kama vijiko 2 vya mezani kwa siku, huchanganywa kwenye pumba zake katika siku za mazoezi. Hata hivyo, farasi aliyekataa kunywa asilishwe chumvi, kwani itamzidishia upungufu wa maji.

Ondokeni mara kunapopambazuka, pumzikeni kuanzia saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha mwendelee saa 10 jioni. Barabara kuu ya Musoma ina malori mengi, na lami iliyopata jua huumiza miguu, kwa hiyo njia za udongo ni bora hata zikiongeza mzunguko. Penye mteremko mkali au mawe, shuka utembee pembeni ya farasi wako. Kumpunguzia uzito kwa dakika chache ni msaada mkubwa.

Ziwa lililo karibu lisikushawishi kumwingiza farasi majini. Kuna mamba na viboko, na wewe mwenyewe ukikanyaga maji ya kina kifupi unaweza kuambukizwa kichocho. Njia salama zaidi ni kutanguliza madumu ya maji ya bomba au kisima kwa pikipiki hadi kila kituo. Ikiwa hakuna namna ila kuchota ziwani, waulizeni wavuvi wa mwalo ulio karibu, kwa kuwa wao wanajua ni sehemu zipi hazifai kusogelewa. Mwacheni farasi anywe kila anapotaka, hata kama bado ana joto la safari.

Wapo wanaoamini kwamba maji baridi juu ya misuli yenye joto huikaza misuli hiyo. Imani hii imewagharimu farasi wengi. Uchunguzi uliofanywa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 ulionyesha kuwa kumwagia maji baridi farasi mwenye joto ni salama na humpoza haraka. Basi mwagieni shingo, kifua, mgongo, mapaja na sehemu ya ndani ya miguu, mkiendelea kumwaga bila kukoma hadi pumzi yake itulie, na mfanye hivyo chini ya mwembe au mahali penye upepo. Msimfunike kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu kitambaa kikishapata joto hulizuia lisitoke.

Katika kila kituo pima mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Farasi aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika, na katika mbio za kimataifa za masafa marefu kipimo cha kawaida cha kumruhusu aendelee ni mapigo yasiyozidi 64. Bonyeza ufizi kwa kidole: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Vuta ngozi ya shingo uiachie, na ikikawia kurudi, maji yamepungua mwilini. Sikiliza pia tumbo, kwani ukimya wa matumbo ni dalili mbaya. Farasi aliyeacha kutoa jasho ilhali bado ana joto, au ambaye joto la mwili limepita nyuzi 40 na halishuki, safari yake imekwisha siku hiyo, hata kama kilomita zilizobaki ni chache na wenzako wanakuhimiza.

Kwa upande wako, vaa kofia ngumu na shati jepesi la mikono mirefu, na unywe maji kabla kiu haijakushika. Jioni, ukishamvua tandiko na kumkagua mgongo, angalia mkojo wake na namna anavyotembea. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa na misuli ya mapaja ikiwa imekakamaa, usimlazimishe kupiga hatua nyingine. Mwache pale alipo na umwite daktari wa mifugo mara moja.