Ndege ya Mtwara kugeuza njiani: soma METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege) kabla hujatoka home

Wale tunaopandia ndege Mtwara, hata nyie mnaotoka Lindi, kipindi hiki cha mvua kabla hujachukua bajaji andika gugo METAR HTDA, HTDA ni code ya uwanja wa Dar (Mtwara ni HTMT), inakuja mistari kama ya siri ila we angalia vitu vitatu tu: namba nne za peke yake ni mita za kuona mbele, 9999 maana yake kilomita 10 au zaidi kuko shwari, ikishuka 1500 hapo anza kujipanga, BKN003 au OVC003 ni wingu limefunika anga karibu yote au yote, limekaa futi 300 tu (zidisha hiyo 003 kwa 100), na TS ni radi. Rubani ana kiwango chake cha chini, akifika usawa ule hajauona uwanja lazima apande juu tena, na mafuta yamepigiwa hesabu ya kufika, kwenda uwanja wa akiba, na kama nusu saa ya kuzunguka juu, basi, ndo maana hawezi kusubiri angani mpaka mvua ikate.

Inapofeli: saa iliyoandikwa mwanzoni, baada ya code ya uwanja, ina Z, ongeza 3 upate saa za huku, ukikuta ripoti ya zamani achana nayo maana mvua ya baharini inaweza kuingia ghafla. Na jamani dawa zako weka begi la mkononi, ndege ikigeuzwa begi kubwa linabaki tumboni huko.