Udongo na matuta ya uwanja wa magari ya rimoti Dodoma

Uwanja wa magari ya rimoti hapa Dodoma huharibiwa na ukame kuliko unavyoharibiwa na mbio. Mvua ikishakata kiangazi kinaingia, na upepo wa kusini-mashariki unaondoka na kila punje ambayo haikushikwa. Kwa hiyo anza na udongo. Matuta yatafuata kile ambacho udongo wenyewe utakubali.

Vipimo vya hapa ni vya magari ya 1:10 (yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), katika eneo la mita 30 kwa 15 lenye njia ya urefu wa mita 100 hivi na upana wa mita 3. Magari ya 1:8 yanataka upana wa mita 4 na eneo kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla ya kulipia tripu

Udongo mwekundu unaopatikana karibu kila mahali una mchanga mwingi. Ukiwa na unyevu unashindiliwa vizuri, ila ukikauka unageuka unga baada ya mizunguko michache. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo usiutumie hata chini ya tuta, maana utapasua chochote utakachoweka juu yake.

Mkombozi ni kichuguu. Mchwa wameshapandisha udongo laini wa mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana watu husiriba nao sakafu, na viwanja vya tenisi pia vimetengenezwa nao.

Jaza udongo theluthi ya chupa angavu ya lita 1, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa dakika 3, kisha iache siku nzima. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini baada ya saa chache, na mfinyanzi unakuwa tabaka la juu. Unatafuta mchanga wa 50% hadi 60% na mfinyanzi wa 20% hadi 25%.

Kwa kuanzia, changanya toroli 2 za udongo mwekundu na 1 ya kichuguu. Shindilia kipande cha majaribio cha mita 1 kwa 1, unene sentimita 8, ukiache juani siku 3. Kikipasuka, punguza kichuguu. Ukikikwaruza kwa kisigino kikatoa vumbi, ongeza. Usiruke jaribio hili, kwa sababu vichuguu viwili vya shamba moja vinaweza kutofautiana kabisa.

Hatua ya 2: Kumwaga na kushindilia

Mita za mraba 300 kwa unene wa sentimita 8 ni mita za ujazo 24 zikishashindiliwa. Udongo uliolegea agiza 31 hivi, theluthi yake ikiwa kichuguu. Uchekeche wote kwa wavu wa milimita 6, kwani kokoto ndizo zinazovunja mikono ya sapensheni na kuingia kwenye gia.

Fanya kazi hii mvua zinapoishia, ardhi ikiwa bado na unyevu, utaokoa pesa ya boza. Kwanza kwatua ardhi ya chini kwa jembe, la sivyo tabaka la juu litabanduka kama chapati. Mwaga kwa tabaka mbili. Finyanga udongo kwenye ngumi: ukishikana na kuvunjika vipande viwili bila kulowesha kiganja, shindilia. Kiganja kikilowa, subiri. Acha mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, mvua za Januari zisituame.

Hatua ya 3: Matuta

Matuta matatu yaliyopangwa vizuri yanatosha uwanja huu. Wengi huweka saba, halafu gari halina pa kukimbia.

Tuta bapa ndilo la kuanza nalo: kimo sentimita 30, mpando sentimita 90, bapa mita 1.2, mteremko mita 1.5. Mteremko uwe mrefu kuliko mpando, gari litue kwenye mwinamo na si kwenye tambarare. Kiini kiwe kifusi kilichoshindiliwa, kisha udongo wako usiopungua sentimita 20 juu yake, kwa tabaka za sentimita 10. Baada ya tuta acha mita 4 au 5 za njia iliyonyooka kabla ya kona.

Ukingo wa kurukia ndio unaoliwa kwanza. Sentimita 40 za mwisho za mpando changanya na saruji, ndoo 1 kwa ndoo 12 za udongo, ufunike kwa magunia yenye unyevu siku 7.

Rasta, yaani matuta madogo yanayofuatana, ziwe na kimo cha sentimita 8 hadi 10, zikiachana sentimita 60. Ekseli za gari la 1:10 zinaachana sentimita 28 hivi. Ukiweka nafasi hiyohiyo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatapanda kwa pamoja na gari litadunda tu.

Kona kali moja iinamishe nyuzi 10 hadi 15. Zaidi ya hapo udongo huu unaporomoka.

Hatua ya 4: Jukwaa la madereva

Liweke upande wa kusini. Vumbi litaenda mbali nao, na jua la jioni litakuwa pembeni badala ya machoni.

Hatua ya 5: Maji

Milimita 5 za maji kwa njia nzima ni lita 1,500. Mwagia jioni ya kuamkia mbio, polepole, mara mbili, kisha nyunyiza kidogo asubuhi. Ukimwaga mchana unalowesha ngozi ya juu tu, na hiyo hubanduka.

Wapo wanaomwaga chumvi ya mezani ivute unyevu. Chumvi hiyo huvuta maji hewani unyevu wa hewa ukifika 75% hivi, na mchana wa kiangazi Dodoma haufiki huko. Utabaki na kutu kwenye beringi. Kalsiamu kloraidi huvuta hata kwenye 30% hivi, ila nayo hula chuma na mvua huiosha, basi safisha gari kila baada ya mbio.

Uwanja ukiwa na unyevu na umelegea, funga tairi za meno marefu. Ukishakuwa mgumu na njia kuanza kuweka weusi wa raba, hamia meno mafupi, na hapo punguza maji: ukimwagia weusi huo, gari litateleza hadi ukauke.